Shamba la Mwisho wa Mfereji

Mpendwa baba yangu, Aba,

Hukujua kusoma, kwa hiyo hata ungekuwa hai barua hii ingekufikia kwa sauti ya mtu mwingine. Pengine kaka Jirma angekusomea, akiruka zile sehemu asizozipenda. Naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu habari yake inawahusu watu wote wa bonde letu la Malka Dima na wengi wao bado wananisimamisha njiani kuniuliza. Nitaieleza kwa mpangilio, kama ninavyofanya kazini. Ulizoea kunitania kwamba naongea kama tangazo la chifu. Basi vumilia tangazo hili.

Mimi bado ni mchoraji wa ramani hapa Isiolo mjini. Bado nimepanga Bulla Pesa, chumba kile kile ulichosema ni kidogo kuliko zizi la mbuzi. Ofisini tuna kompyuta tatu, moja nzima. Tangu kaunti zianze, ardhi ambayo zamani tuliambiwa ni ya serikali na basi, sasa inatakiwa iandikishwe kwa jina la jamii inayoishi juu yake, na huwezi kuandikisha kitu ambacho hakuna anayejua kinaanzia wapi. Ndipo bonde letu likaletwa mezani kwangu. Nilitakiwa kuchora ramani ya historia yake: mfereji ulichimbwa wapi kwanza, malango ya maji yalihamishwa lini na kwa nini, nani alilima wapi tangu mwanzo. Ramani hiyo ikishasomwa mbele ya watu na kukubaliwa, ndiyo itakayofuatwa.

Mkubwa wangu ni mama wa Kimeru anayeitwa Kendi. Ni mpima ardhi hodari na hapendi porojo. Ukutani nyuma ya kiti chake ameandika kwa kalamu nyekundu: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ungeisikia ungecheka, halafu ungempa heshima yake.

Kazi ya namna hii hufanywa kwa vitu vitatu: karatasi ya zamani, picha iliyopigwa kutoka angani, na miguu. Unaiweka karatasi juu ya picha kwenye kompyuta, unaivutavuta mpaka kona za zamani zikae juu ya kona za sasa, halafu unakwenda mwenyewe kutembea pale ambapo hazikubaliani. Mara nyingi hazikubaliani. Mto umehama, watu wamehama, miti ya miiba ya mathenge imeota katikati ya njia. Karatasi ya Malka Dima ilikuwa sahihi kuliko nyingi nilizowahi kushughulikia, na nilijua sababu. Mnyororo wa kupimia uliushika wewe.

Habari za mnyororo huo nilizisikia mara nyingi mpaka nikawa nakukosoa. Ng'ombe walikuwa wameisha, kwanza kwa vita, halafu kwa ukame, na wafugaji wasio na mifugo wakaletwa pale mto unaposhuka kutoka milima ya Nyambene na kuingia tambarare. Wakapewa majembe. Ulisema siku ya kwanza jirani yetu Mzee Guyo alilima akiwa amekaa chini. Mkachimba mfereji mpaka mikono ikawa kama ngozi ya punda, na mavuno ya kwanza yalipotoka akaja mpima wa serikali, mgeni asiyejua mtu wala kijito. Akahitaji watu wawili wa kuvuta mnyororo. Wewe ukashika mbele, Guyo akashika nyuma. Kila mnyororo ulipolala chini mara moja, ulitoa kokoto moja mfuko wa kulia ukaitia mfuko wa kushoto. Jioni mpima alihesabu kokoto za mfuko wa kushoto na kuandika. Ulijivunia kwamba haikuwahi kupotea hata moja.

Hilo lilinishangaza nikiwa mdogo, kwa sababu nyumbani hukuhesabu kitu. Kwetu mtu hahesabu mifugo yake wala watoto wake. Anayehesabu anakionyesha kifo mahali pa kushika. Jioni ulisimama mlangoni mwa zizi, mbuzi wakaingia, ukawatazama tu huku unazungumza mambo mengine. Halafu ulisema, "Yule wa sikio nyeusi amebaki." Na kweli alikuwa amebaki. Nilikuuliza mbona ardhi ya watu unaihesabu.

"Udongo haina roho," ukanijibu. "Hata ukihesabu inakuangalia tu."

Mpima alikuachia nakala ya ile karatasi. Uliihifadhi ndani ya bomba la plastiki, ukalining'iniza juu ya kitanda ili mchwa wasiifikie. Siku za mvua, shamba likiwa tope, uliitandaza chini ukaweka kikombe kila kona. Kidole chako kilianzia mdomo wa mfereji kikashuka polepole. Hapa ni kwa mama Halima. Hapa ni mchanga, maji yote inanywewa, hakuna mtu alitaka. Hapa ni kwa Guyo. Kidole kilisimama kwa Guyo, na baada ya Guyo karatasi ilikuwa nyeupe. Mara moja nilikuuliza, "Na sisi, Aba?"

Uliondoa vikombe, ukaikunja. "Sisi tuko," ukasema. Nilidhani karatasi iliishia hapo, sikuuliza tena.

Lipo jambo lingine la zamani ambalo sikuwahi kukuambia. Siku uliyonipeleka Kulamawe kuniandikisha shule, tulikuta mwalimu amekaa nje na fomu zake, na wazazi wengine wamepanga foleni nyuma yetu. Nilikuwa nimeshika kidole chako.

"Mzee, uko na watoto wangapi?"

"Wawili."

Kwa akili zangu za wakati ule nilijua Jirma ni mmoja na Wario ni wa pili. Mwalimu akanitazama. "Na huyu je?"

"Huyu yuko tu."

Watu wa foleni wakacheka. Mwalimu akacheka pia, akaandika alichotaka. Mimi niliingia darasa la kwanza nikiwa nimeamua mwenyewe kwamba ni kwa sababu mimi ni msichana. Hakuna aliyeniambia hivyo, ila hakuna aliyekanusha. Nadhani ndiyo maana nilizipenda hesabu. Nilihesabu madawati, mabati ya paa, hatua za kutoka shule mpaka nyumbani, mpaka nikapata kazi ambayo mtu huajiriwa ili asiache kitu nje. Nilikupenda, Aba, na nilikukasirikia, yote mawili kwa miaka ile ile, na ukafa kabla sijakuuliza.

Sasa nirudi kwenye kompyuta. Nilipoiweka karatasi juu ya picha, kila kitu kilikaa. Mashamba yote yalikuwa na namba na yote yalikaa mahali pake, mpaka kwa Guyo. Baada ya Guyo, picha ilionyesha mfereji unaendelea na mwisho wake pana kipande cha kijani, safi kama kimekatwa kwa makasi. Karatasi pale pale ilikuwa nyeupe: ardhi wazi, isiyo na mwenyewe. Kipande hicho ndicho shamba letu. Mama alikuwa ndani yake wakati ule ule, bila shaka ameinama anapalilia vitunguu.

Mahali hapo palikuwa pameshapangiwa kazi. Vitunguu vya bonde vinaoza kila msimu kwa kukosa pa kuwekwa, na kamati ya wakulima ilikuwa imeomba ghala kwa miaka. Ghala lilipokubaliwa, watu wa kaunti, wasiolijua bonde, walitafuta kwenye ramani mahali pasipo na mwenyewe. Karatasi yako ikawapa. Kendi alisimama nyuma yangu akatazama skrini.

"Hii ya mwisho ni ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Iko kwa karatasi?"

"Haiko."

"Basi wewe huwezi kuichora. Usinielewe vibaya. Lakini watu watasema nini, msichana wa mwenye shamba ndiye ameshika kalamu?"

Alikuwa na haki. Ningekuwa kwenye kiti chake ningesema vivyo hivyo. Lakini siku ile nilirudi Bulla Pesa nikiwa na wazo ambalo naona aibu kuliandika. Niliwaza kwamba labda mpima alipoondoka ulijisogeza, ukakata kipande mwishoni mwa mfereji bila kupewa, na kwamba ile "sisi tuko" ilikuwa ni kunifunga mdomo. Nilikufikiria hivyo, Aba, wewe ambaye hukuwahi kupoteza kokoto ya mtu. Nilikufikiria hivyo kwa siku nyingi.

Nilikwenda kwa Mama. Nikamkuta shambani kama nilivyodhani. Nikamuuliza walipewa lini shamba.

"Siku moja na watu wote."

"Mbona haiko kwa ramani?"

"Si ni wewe unachora ramani?"

Nikamweleza habari za ghala. Akaweka jembe chini, akatazama miguu yake, halafu akanitazama mimi. "Kwa hivyo saa hii mimi nimesimama wapi?" Nilisema tungoje baraza la kusomwa kwa ramani. Mama hakunikaribisha chai siku hiyo, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Wa kuulizwa alikuwa Mzee Guyo, kwa sababu kati yenu wawili mlioshika mnyororo amebaki yeye peke yake. Lakini Guyo alikuwa Oldonyiro kwa binti yake tangu kiangazi, na simu yake hukaa na wajukuu. Watoto wa majirani waliapa kwamba shamba ni letu, wameliona tangu wazaliwe. Nikawaambia kuliona si kujua lilitoka wapi. Nilisema hivyo kwa sauti ya ofisini. Walinitazama kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Siku ya baraza tulikutana uwanja wa shule. Kendi ana njia yake ya kusoma ramani mbele ya watu. Hatundiki karatasi ukutani, kwa sababu wazee wengi wataitikia kwa kichwa kwa heshima tu. Huchora bonde zima chini kwa majivu, kubwa la kuingia na kusimama ndani. Mstari mnene ni mto, mwembamba ni mfereji. Mimi nilisoma majina kutoka karatasi ya zamani, na kila aliyetajwa, au mtoto wake, aliingia akasimama mahali pa shamba lake. Kama jirani yako yuko upande usio wake, mnajua papo hapo, mnagombana, tunasahihisha. Watu walisukumana, wakacheka. Kijana mmoja alisimama mtoni, akaambiwa atoke kabla hajazama.

Guyo alikuwa amefika asubuhi hiyo, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Nilipotaja jina lake akaingia kwa fimbo, akasimama mwisho wa mstari. Mama alikuwa amekaa pembeni, nje ya majivu, shuka limemfunika mpaka kidevuni. Nilitazama karatasi. Nilitazama mahali penye nyeupe. Nikasema, "Zimeisha."

Guyo akageuka.

"Hivyo ndivyo alisema," akasema.

"Nani, mzee?" Kendi akauliza.

"Baba yake huyu. Mpima aliuliza, zimeisha? Yeye akasema, zimeisha. Lakini bado. Nyuma yangu kuna mtu. Mimi nikifunga maji yangu inaenda kwa nani? Hiyo shamba tulipima. Mnyororo tulilaza pande zote, mimi nilikuwa nyuma. Lakini kokoto hakutoa."

"Na wewe ulinyamaza?" Kendi akauliza tena.

"Nilinyamaza. Hakuna mtu anahesabu ya kwake. Hiyo ni mambo ya mtu na Mungu wake." Akawatazama wote waliosimama kwenye majivu. "Sisi wote tulijua ni yake. Tulidhani hata karatasi inajua."

Watu wakaitikia, "Ndiyo, ndiyo." Kendi alinigeukia aone kama naandika. Nilikuwa siandiki. Nilikuwa nawaza kokoto zile zilizobaki mfuko wa kulia, na mimi niliyekudhania mwizi.

Hapo ndipo Mama aliposimama. Hajawahi kusema barazani, na alianza kwa sauti ndogo mpaka watu wakanyamazishana.

"Si mambo ya shamba aliogopa," akasema. "Nyinyi wengine mnakumbuka. Kabla ya huyu nilikuwa na msichana. Karani wa kuhesabu watu alipita, na baba yake akamwonyesha na kidole. Akasema, hawa ni watatu. Msichana hakumaliza mwaka. Sasa mpima alipokuja, mimi nilikuwa nimekaa ndani ya hiyo shamba kwa kivuli ya turubai, na huyu alikuwa tumboni." Hakuninyooshea kidole. Alininyanyulia kidevu tu. "Angehesabu shamba, angetuhesabu sisi ndani."

Aba, sikujua kwamba nilikuwa na dada. Hakuna aliyewahi kumtaja. Nimechora visima vilivyofukiwa, njia za ng'ombe zilizokufa, malango ambayo hata mawe yake yamebebwa, na nyumbani kwetu palikuwa na mtu kamili ambaye sikuwahi kumweka popote. Nikamkumbuka yule mwalimu na fomu yake. Mtoto wa kwanza wa kike ulimhesabu. Wa pili hukuthubutu. Nililia mbele ya chifu na kamati nzima, nikiwa nimeshika karatasi ya serikali, na sikujali.

Kendi alimsogelea Mama. Kisha akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia ofisini, "Mama, nimeelewa. Lakini kompyuta haiwezi kushika shamba bila namba. Bila namba, ghala itajengwa hapo."

Minong'ono ikaanza. Guyo akapiga fimbo chini, akasema ramani iachwe kama mwenyewe alivyoiacha, mtu akifa neno lake haliguswi. Wengine wakamuunga mkono. Na mimi, mwenye kazi ya kutoacha kitu nje, nilijikuta natamani Guyo ashinde. Nilitaka shamba libaki hivyo hivyo, jeupe, liwe salama. Halafu nikaona upumbavu wake: ile nyeupe ndiyo iliyokuwa inataka kumla Mama.

Mama aliingia ndani ya majivu. Alipita nyuma ya Guyo akasimama mwisho wa mfereji, pale pale panapostahili, hata mimi na mashine zangu nisingempanga vizuri zaidi.

"Mwenye aliogopa ameenda," akasema. "Mimi nimezeeka, siogopi. Andika namba." Kisha akamtazama Kendi. "Lakini andika wewe. Huyu asiandike."

Sheria ya ofisi na mwiko wa wazee zilikubaliana siku hiyo, jambo ambalo Kendi amelisimulia mara nyingi tangu hapo kama kwamba ndiye aliyelibuni. Aliandika namba kwa mkono wake. Guyo na wengine wawili waliweka dole gumba chini yake. Ghala nalo lilijengwa pale penye mchanga, pale ulipokuwa ukisema maji yote yananywewa na hakuna mtu aliyepataka. Nilipendekeza mimi. Waliponiuliza nimejuaje, nikasema nilionyeshwa kwa kidole, siku ya mvua.

Mama ananikaribisha chai tena. Nilimuuliza jina la dada yangu, akaniambia, nami sitaliandika hapa. Bomba lako bado linaning'inia juu ya kitanda na karatasi imo ndani. Ramani mpya inasema shamba letu ni la mwisho kwenye mfereji na lina namba yake, na Mama hulala bila wasiwasi. Mimi ndiye mwenye wasiwasi kidogo. Nikifika pale hutazama vitunguu, hutazama mlango wa nyumba, nikimwona Mama anatoka ndipo huvuta pumzi. Mtu wa kompyuta kama mimi. Ungecheka sana.

Wiki iliyopita nilikuwa najaza fomu ya shule ya wanangu. Kuna mahali wanauliza idadi ya watoto. Nimejaza fomu za namna hiyo mara nyingi bila kufikiri. Safari hii kalamu ilisimama, mtoto wa mwisho amenishika kidole, na nilikaa pale mpaka karani akaniuliza kama sijui kusoma.

Niliandika idadi kamili, Aba. Siku hizi lazima. Lakini sasa najua kwamba siku ile mbele ya mwalimu ulikuwa umeshika uhai wangu mkononi, na watu wakacheka. Pumzika, mzee wangu. Usiwe na wasiwasi na mimi.

Mimi niko tu.

Binti yako